Pombe ya Mashahidi

Watu hudhani nilisomea mambo ya wasia na mirathi kwa kuwa napenda hesabu. Wapi. Nilisoma kwa sababu ya baba yangu mdogo, na kila nilipofungua daftari nilisema moyoni: atanitambua.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili. Kampuni moja ya bima ilitufundisha vijana tisa kuwa washauri, watu wa kuketi na mzazi akiwa bado hai na kupanga naye nani ataachiwa nini. Tulisomea juu ya duka la vitambaa pale mtaa wa Gisimenti. Mwalimu wetu, mzee aliyewahi kuwa karani wa mahakama, alifundisha kwa Kifaransa na kutukaripia kwa Kinyarwanda.

Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, akatuacha mimi na mama katika nyumba yetu ya kijijini Ndera, na shamba lenye migomba nyuma yake. Matanga hayajaisha vizuri, baba mdogo akaja na fimbo, akalipima shamba kwa hatua. Akamwambia mama, "Shemeji, mwanamke harithi, na mtoto wa kike harithi. Vuneni haya maharage, kisha mtafute pa kwenda." Alisema hayo huku anatafuna mahindi tuliyomchomea sisi wenyewe. Mimi yale mahindi sijayasahau mpaka leo.

Siku moja mwalimu alichora duara ubaoni. Akasema ndani ya duara ni mirathi, yaani mali aliyokuwa nayo mtu siku ya kufa. Kile alichokwisha kukitoa akiwa hai hakimo.

"Na kama alitoa bila karatasi?" nikauliza.

Akanishangaa. "Nani alikunywa?"

Alikuwa na maana ya inzoga y'abagabo, pombe ya mashahidi. Kwetu mtu akitoa shamba huita watu na kuwanywesha, na aliyekunywa hawezi tena kusema hakuona. Nikakumbuka siku yetu. Nilipomaliza shule, baba aliita majirani akanipa shamba lile pamoja na nyumba mbele yao, zawadi ya baba kwa binti yake. Mtungi wa pombe ya ndizi uliletwa, na aliyekunywa kuliko wote alikuwa baba mdogo. Sasa majirani wote walikuwa wamepotewa na kumbukumbu, maana baba mdogo alimwahidi kila mmoja kipande cha shamba.

Basi nikabaki na shahidi mmoja tu, yeye mwenyewe. Nilimjua vizuri. Mtu yule ungeweza kumwita mwizi akacheka, lakini usiguse sifa yake ya unywaji.

Konseye, yaani kiongozi wa mtaa, alipotukutanisha na majirani uani kwetu, niliinama kwa adabu kama binti mwema. Shamba sikulitaja.

"Baba mdogo, nimesikia pombe ya baba siku ile ilikuwa imeharibika, hata wewe uliimwaga."

"Nani kasema?" Akanyanyuka kitini. "Mimi? Nilikunywa vibuyu vitatu, sikumwaga hata tone!"

Konseye akamgeukia. "Pombe ya siku gani hiyo, mzee?"

Akaketi tena; alikuwa amekwisha kujishuhudia mwenyewe. Jirani mmoja akakohoa, akasema sasa na yeye anakumbuka. Wengine wakafuata haraka haraka, hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho. Mama alibaki na nyumba yake, nami na shamba langu. Nilifurahi, tena nilifurahi vibaya. Nilimsindikiza baba mdogo mpaka barabarani ili tu niione sura yake kwenye mwanga.

Miezi michache baadaye nilipewa meza yangu mjini. Asubuhi moja akaingia baba mdogo, kofia mkononi. Alikuwa na mabinti wanne, hakuwa na mtoto wa kiume, na binamu zake walikuwa wameanza kupita shambani kwake na fimbo. "Niandikie wasia, mwanangu," alisema.

Nilimkalisha kwenye benchi mpaka wakati wa chakula. Kisha nikamtaka ayarudie yale aliyomwambia mama, neno kwa neno. Akayasema huku anatazama viatu vyake: mwanamke harithi, na mtoto wa kike harithi.

Ndipo nikachukua kalamu, nikamwuliza majina ya binti zake. Yeye sikumsamehe. Lakini wale wasichana hawakula mahindi yetu.