Msumeno Uliotupwa Kwenye Mengineyo

Hadi leo nikinusa sardini, naondoka mezani. Sardini hazina kosa. Kosa ni la chama chetu cha wafanyakazi, hapa Kisangani, kwenye kiwanda cha kupasua mbao ambako nilikuwa katibu wa wajumbe. Na ni langu pia.

Niliukubali ukatibu kwa sababu ya marehemu baba, aliyekuwa mpakuaji bandarini. Alipenda kutusimulia siku gogo lilipomvunja mguu mwenzao: mjumbe wao alikaa kwenye ngazi ya winchi, akakataa kushuka mpaka majeruhi apakiwe kwenye gari la mkurugenzi. "Syndicat ni ile," baba alikuwa akimalizia, yaani chama cha wafanyakazi ndicho hicho. Nami nikamwamini.

Basi fundi wetu wa msumeno, mzee mwenyeji wa Yanonge mwenye adabu kupita kiasi, alinijia siku moja kuniambia kuwa kifuniko cha mashine yake kimevunjika.

"Secrétaire, mutusemee," alisema. "Ile musumeno iko uchi."

Niliandika palepale, kwenye ajenda ya mkutano wetu na mkurugenzi. Mjumbe mkuu akaisoma ajenda yangu, akakunja uso. "Weka ile mu divers."

Divers ni mengineyo, kipengele cha mwisho. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye mikutano ya kwetu anajua kwamba mengineyo ni kaburi la maneno. Nilijua. Nikaandika hivyo hivyo.

Kipengele cha kwanza kilikuwa kitenge cha sare yetu ya Mei Mosi. Mbele ya mkurugenzi, mjumbe wetu alijiwekea kifuani sampuli moja baada ya nyingine, akijigeuza huku na huku kama bibi harusi, akiuliza ipi itapendeza kwenye gwaride. Sisi wengine tulikula mikate na sardini za kampuni. Mwishowe mkurugenzi akatazama saa yake. "Bon, divers tutaona siku ingine." Mjumbe akamshukuru. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kilikuwa kikituchagulia nguo yenyewe.

Wiki iliyofuata msumeno ulikata vidole vitatu vya yule mzee. Tulimfunga mkono kwa shati langu, akapelekwa zahanati kwa pikipiki. Njia nzima alimwomba radhi dereva kwa kumchafulia kiti.

Mei Mosi tulipita mbele ya wakubwa katika kitenge chetu kipya, tumebeba bango la usalama kazini. Mjumbe alimpanga mzee safu ya katikati, mkono usionekane. Nilikuwa upande wake wa kushoto na nilitamani ardhi inimeze.

Baada ya gwaride mzee alinivuta pembeni. "Secrétaire, musumeno sitaweza tena. Lakini kulinda geti nitaweza. Batoto bangali banasoma."

Safari hii suala lake nililiandika la kwanza, na yeye mwenyewe nikamwingiza kwenye mkutano. Haikusaidia. Mjumbe alianza kwa kushukuru kwa kitenge, akashukuru tena, mikate ikaletwa, sardini zikafunguliwa. Mzee alisimama ukutani akingoja. Nilimnong'oneza mjumbe mara mbili, akanisogezea sahani. Ndipo mzee akaja mezani, akauweka ule mkono kati ya mikate, bandeji yake ikiwa na madoa ya njano. Mkurugenzi akaangalia dirishani.

Mjumbe alifuta mafuta midomoni. "Papa, ondoa mukono. Tuko tunakula."

"Pardon, ba papa," alisema mzee. Akautia mkono mfukoni, akatoka.

Geti alipewa shemeji wa mjumbe. Mzee alirudi Yanonge na watoto wake, na shule yao iliishia hapo. Watu wakinisikia nikimtukana mjumbe yule huniitikia kwa moyo wote, kwa sababu sijawahi kuwasimulia yangu. Aliposema maneno yale, nilikuwa na mkate mdomoni. Baba yangu angeutema palepale mezani. Mimi niliutafuna, nikaumeza.