Chui Aliyeandikwa Kwenye Fomu za Mbuzi

Goodson Sampa alikuwa Chui, na mimi ni Mbuzi. Nalisema hili mapema ili msishangae nikimtukana. Kwetu Luapula kila mtu ni wa ukoo wa mama yake, na ukoo wa Chui na ukoo wa Mbuzi ni watani tangu enzi za mababu. Mbuzi humwambia Chui lolote linalomjia mdomoni, hata mbele ya wakwe zake, na Chui naye humjibu hivyo hivyo. Hakuna kukasirika. Tena ukifiwa, wewe na ndugu zako kazi yenu ni kulia tu. Anayechimba kaburi, anayembeba marehemu na kumcheka njia nzima, ni mtani, na hulipwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo nikisema Goodson alikuwa na masikio yaliyochomoza kama ya sufuria, mjue ninampa heshima yake.

Alitufikia Nchelenge mwaka 1955, juu ya baiskeli, suruali ameibana kwa vibanio vya nguo. Alikuwa amesoma shule ya misheni hadi Standard Six, na kampuni moja ya bima kutoka mjini ilikuwa imempa mkoba, kalamu na kitabu cha fomu. Kazi yake ilikuwa kuwauzia bima wafanyakazi wa Kiafrika palepale wanapofanya kazi. Anayetaka anaingia, asiyetaka anaacha. Anayeingia anakatwa shilingi mbili kila anapomaliza tiketi yake ya siku thelathini, tajiri wake wa kazi anazipeleka kwa kampuni, na siku mtu huyo akifa kampuni inalipa pauni arobaini.

Sisi tulikuwa kwenye uwanja wa samaki wa Mgiriki mmoja, pale ufukweni mwa ziwa. Ah, uwanja ule! Hadi leo nikipita mahali penye harufu ya barafu na makayabo, wale samaki wa chumvi, moyo unanirudia ujana. Malori ya kwenda migodini yalipakiwa tangu alfajiri, wanawake wakikwangua magamba na kuimba, mimi nikiwa kwenye mizani na penseli yangu nyuma ya sikio, najiona bwana mkubwa. Tulisema Kibemba sisi kwa sisi, lakini kazini lugha ilikuwa Kiswahili cha ng'ambo ya mto, kwa kuwa Mgiriki alitokea Kasenga ya huko na nusu ya wapakiaji pia.

Mgiriki alimruhusu Goodson aseme nasi saa ya chakula. Akasimama juu ya kreti, akakohoa kimisheni.

"Bandugu," akasema, "tuseme weye, leo magaribi, unakufwa."

Alikuwa amemnyooshea kidole nyapara wetu, mtu wa ukoo wa Mvua, ambaye hakuwa mtani wake hata kidogo. Nyapara akaacha kutafuna. Mpakiaji mmoja akanong'ona, "Mulozi huyu." Kwetu mtu hatajiwi kifo chake. Kumtajia ni kumwita aje, na anayekitaja ndiye atakayeulizwa kikija. Wanawake wakakusanya mabeseni yao. Nyapara akainuka taratibu, akachukua ndoo ya maji ya samaki, akammwagia Goodson kwenye viatu vyake vya ngozi. Hotuba ikaishia hapo.

Nilicheka mpaka nikashika mizani. Ndipo akaniuliza, kwa hasira, mimi ni wa ukoo gani nicheke hivyo. Nikamwambia Mbuzi. Uso wake ukabadilika.

"Mbuzi!" akapaza sauti uwanja mzima ukageuka. "Kumbe chakula yangu iko hapa! Weye utakufwa tu, unakondeana sasa, na mutu wa kukuzika ni miye Chui. Lipa mbele, nisikuzike na mufuko tupu!"

Watu wakaangua kicheko, hata nyapara. Na mimi nikacheka, maana maneno yaleyale yaliyokuwa uchawi kwa mtu wa Mvua, kwangu yalikuwa salamu. Hivyo ndivyo Goodson alivyoanza kuuza bima. Aliwatafuta Mbuzi mmoja mmoja. Tulikuwa wanane pale uwanjani, na katika wiki mbili alitupata wote, kwa matusi. Yule mkubwa kuliko wote alikuwa Ngosa, mtoto wa mama yangu mkubwa, aliyefanya kazi kwenye chumba cha barafu.

Lakini fomu ilikuwa na mstari mmoja uliotushinda: nani atapokea pesa?

Mjue mali ya mtu kwetu hairithiwi na mke wala watoto. Watoto ni wa ukoo wa mama yao, na marehemu ni wa ukoo wa mama yake. Mtu akifa, wajomba na wapwa wanakuja kubeba vyao. Goodson akamsomea Ngosa mstari ule. Ngosa akapangusa mikono yake yenye baridi, akafikiri.

"Ukiandika bibi yangu," akasema, "bandugu batasema njo anangojea nikufwe. Ukiandika mujomba, bibi atalia. Andika weye."

"Miye?"

"Nani atanizika? Haiko weye Chui? Mwenye kunizika njo mwenye pesa."

Kwa akili zetu lilikuwa jibu zuri kabisa. Tukalipenda wote. Mbuzi wanane tukabonyeza dole gumba, na kwenye fomu nane Goodson akaandika, kwa mwandiko wake mzuri wa misheni, Goodson Sampa. Na yeye alikuwa anacheka. Huko mjini nadhani karani aligonga muhuri bila kusoma, au alisoma akadhani Sampa ni jina la kila mtu huku. Zikarudi zimekubaliwa.

Miaka miwili ile ilikuwa mitamu. Kila mwisho wa tiketi Goodson alikuja kutuangalia afya, anatufinya mbavu kama mnunuzi sokoni, anauliza yupi yuko tayari. Nasi tunamwambia Chui asiye na meno afe yeye kwanza. Ngosa alikuwa anamkimbiza na kipande cha barafu amtie mgongoni. Nawakumbuka, watu wazima wawili wenye watoto, wanakimbizana kati ya makreti huku Mgiriki anapiga kelele za Kigiriki.

Juni ya mwaka 1957 Ngosa alitoka kwenye barafu anakohoa. Siku tisa tu, homa ya mapafu ikamchukua. Alimwacha mkewe Felistus na watoto watatu.

Goodson alichimba kaburi. Alifanya kazi yake yote ya mtani: alilala ndani ya shimo akisema linamtosha, akamwambia maiti aache uvivu atembee mwenyewe. Ila nilimwona anageuka kila mara kujifuta uso. Baada ya mazishi, mjomba wetu Mulenga, mkubwa wa ukoo, akachukua baiskeli ya Ngosa, nyavu, blanketi mbili na saa ya mezani. Felistus aliambiwa arudi kwao Chienge. Nilisaidia kufunga mizigo kwenye baiskeli ile. Nilikuwa Mbuzi, ndiyo desturi, sikuona ubaya. Leo naona.

Mwezi mmoja baadaye ikaja hundi. Mulenga akafika uwanjani na fimbo yake kudai mali ya ukoo. Mgiriki akamsomea jina lililoandikwa. Kisha mtu akasema lile ambalo wote tulikuwa tunalifikiri, kwamba Chui amemla Mbuzi, na safari hii si utani.

Goodson alikuwa amesimama pale pale. Mjomba akamwambia alete pesa.

"Karatasi inasema miye," Goodson akajibu. "Nilizika, nitakula."

Akapanda lori kwenda boma la Kawambwa kubadilisha hundi. Mimi nilikuwa wa kwanza kumtemea mate chini alipopita. Siku zile nilimchukia kwa moyo wangu wote, na namwambia Mungu hivyo hivyo.

Mwaka uliofuata, mchuuzi mmoja wa samaki akamwambia Mulenga kwamba watoto wa Ngosa, huko Chienge, wanavaa viatu. Mjane hana kazi, viatu vimetoka wapi? Mjomba hakuwa mjinga. Kama Goodson alikuwa amempa mjane sehemu ya zile pesa, basi amekiri kwamba ni mali ya marehemu, ambayo ni ya ukoo, na korti ya chifu ingempa mjomba ushindi asubuhi moja. Mjomba akanituma nikaone, kwa sababu mimi nilijua kusoma.

Nikakuta nyumba ndogo iliyopakwa udongo mweupe. Felistus alikuwa barazani na cherehani, watoto wawili wakubwa wakirudi shuleni na sare. Aliponiona, mguu wake ulisimama juu ya pedali. Hakunificha kitu. Nadhani alichoka kuogopa. Aliingia ndani akaleta bahasha: risiti za shule zilizolipwa miaka mitano mbele, risiti ya cherehani, na karatasi ya Goodson inayoonyesha kilichobaki kwake, anachotuma kidogo kidogo kila mwisho wa tiketi. Nilijumlisha mara mbili, maana kazi yangu ni mizani. Goodson hakuwa amekula hata senti moja.

"Alisema kama angenipatia yote mbele ya batu, wajomba wangebeba," akasema. "Alisema, afazali batu baseme amekula. Sasa shemeji, utaenda kubaambia?"

Nilimrudishia bahasha yake. Nilirudi na lori la chumvi, safari ya siku nzima, na njia nzima nilikuwa natafuta maneno ambayo yangemsafisha Goodson na bado yakawaacha wale watoto na viatu vyao. Hayapo. Nimeyatafuta hata uzeeni, hayapo.

Mjomba alinisubiri uwanjani, mbele ya wafanyakazi wote, kwa makusudi, awe na mashahidi. Na Goodson alikuwepo, amekuja kwa ajili ya wapakiaji wapya, amesimama na baiskeli yake. Alijua nilikotoka. Alinitazama mara moja tu, akatikisa kichwa polepole, kidogo sana, hapana.

"Viatu ni vya musaada, vya misheni," nikasema kwa sauti. "Bibi anashonea batu nguo, cherehani ni ya kuazima. Pesa hakuona hata franga moja. Chui alikula yote."

Goodson akacheka kwa nguvu, akajipiga tumbo. "Na nyama ilikuwa tamu!" akasema.

Siku hiyo hiyo Mbuzi wote saba tuliobaki tulifuta fomu zetu. Na mimi nikafuta. Nilikuwa mtu pekee pale ufukweni niliyejua kwamba katika Luapula nzima hakuna jina zuri zaidi la kuandika kwenye mstari ule, nikalikata kwa penseli yangu mwenyewe, maana ningeliacha wangeniuliza kwa nini. Mgiriki akamkataza Goodson kuingia uwanjani. Kampuni ilipoona hakuna anayejiandikisha tena ikamnyang'anya mkoba. Akahamia Mofwe, kwenye rasi ya wavuvi, akawa mshonaji wa nyavu. Watoto wa huko walimwimbia wimbo wa Chui mla watu, nao wakawafundisha hata wageni.

Nilimfuata mwishoni mwa 1959. Nilimkuta amekaa chini, ameingiza kidole gumba cha mguu kwenye jicho la wavu, anashona. Alikuwa amezeeka kabla ya siku zake. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia mengi. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini mtani haombwi msamaha, hatuna hata namna ya kuanza.

Hakuinua macho. "Batoto ya Ngosa banasoma?" akauliza.

"Mukubwa iko Standard Four," nikasema. "Juzi aliniandikia barua, iko hapa mufukoni."

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiingereza."

Akaacha sindano. Nami nikashindwa, nikalia, mtu mzima na kofia kichwani. Mtani wako akikuona unalia, kazi yake ni kukucheka mpaka unyamaze. Goodson hakucheka. Alisogea akanipa nafasi kwenye mkeka, akanyoosha mkono, akasema nimpe ile barua aisome.