Nakala ya Mkulima

Mwavita Ramazani alikuwa na ulimi mkali, na aliyeuonja zaidi ni mkubwa wake, Papa Tshimpaka, mwanzilishi wa kituo cha habari za utafiti wa mpunga katika chuo kimoja cha Kindu. Mzee huyo alikuwa na sheria yake: kila ripoti ipigwe chapa nakala mbili, moja ibaki kituoni, moja apelekewe mkulima aliyehojiwa. Mpiga chapa alikuwa Mwavita, na vidole vilimuuma.

"Papa, ni kazi bure. Kule vijijini watazifungia chumvi."

"Ni maneno yao, Mwavita. Piga."

Vita vilifika, na mwaka mji ulipozingirwa Tshimpaka akafa kwa malaria, dawa hakuna. Siku ya kukimbia Mwavita aliweza kubeba kitu kimoja tu. Akabeba droo ya fishi, zile kadi ndogo zinazotaja kila ripoti na mkulima wake. Watu walimcheka: ameacha vitabu, amebeba orodha ya vitabu! Aliporudi, rafu zilikuwa tupu, na ripoti ziko sokoni, zinafungiwa karanga. Alilia njia nzima.

Miaka ikapita, yeye na droo yake. Vijijini hakwenda, hakuamini kuwa kule kumebaki kitu. Lakini mwaka huu kamati ya chuo ilimwambia wazi: kituo kisicho na ripoti ni chumba tu, mwisho wa mwezi kitafungwa. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akachomoa fishi ya kwanza: Amuri, Kibombo. Akapanda pikipiki, siku nzima mgongo ukimlaani.

Amuri alikwisha kufa. Binti yake, Hadidja, alifungua sanduku la bati, akatoa ripoti iliyofungwa kwa kitambaa. Mwavita alinyoosha mikono miwili. Hadidja akairudisha kifuani.

"Papa yangu alisemaka isitoke bila jina. Andika jina yako, mama. Na siku ya kurudisha."

Miaka yote kituoni, Mwavita ndiye aliyekuwa akiandikisha wengine walioazima ripoti. Aligeuza fishi, akaandika jina lake, akaweka wiki mbili, muda wa kupiga nakala.

"Papa Tshimpaka, unisamehe," alisema kwa sauti.

"Huyo Tshimpaka njo nani?"

"Mukubwa wangu. Nilimuambiaka mutafungia chumvi."

Hadidja alimtazama, kisha akamkabidhi ripoti.

"Chumvi tunafungiaka na majani, mama."