Daftari la Vitabu vya Misigiri

Nilipokabidhiwa chumba cha vitabu hapa Misigiri, daftari lilikuwa na safu nne: jina la kitabu, aliyeazima, siku aliyochukua na siku aliyorudisha. Mwaka wa kwanza nilitoka jasho. Namfuata mtu nyumbani, naye ananijibu bila hata kuona haya, "Nilishamaliza, nikampa shemeji." Shemeji naye keshampa jirani. Kwetu kitu kizuri hakikai nyumba moja. Ungo unazunguka, plau inazunguka, na kitabu vilevile.

Niligomba mpaka nikachoka. Ndipo nikapiga mstari kwa rula, nikaongeza safu ya tano: "Kiko kwa nani sasa." Hiyo niliijaza kwa penseli, nipate kufuta. Pembeni yake nikawaandika wanaokingoja. Kila siku ya mnada nilipita na daftari kwapani, kuanzia kwa wauza vitunguu hadi kwa wauza kuku, nikiuliza. Walinicheka sana. Baadaye wakaanza kunifuata wenyewe.

"Mama, andika. Kile cha nyuki nimempa fundi baiskeli."

Mwaka jana akaja ofisa kutoka mjini, kijana mpole mwenye kompyuta mpakato. Aliniamkia vizuri, akatazama rafu zilizo nusu tupu, akasema vitabu vilivyobaki itabidi vihamishiwe mjini, maana huku vinapotea. Nikamsogezea daftari.

"Havijapotea, baba," nikamwambia. "Havipo hapa tu. Taja chochote."

Akapekua daftari, akachagua hichohicho cha nyuki, kilichoazimwa tangu kabla ya mvua. Nikamwonyesha safu ya tano, tukaondoka kwa miguu kwenda kwa fundi, karibu na mashine ya kusaga. Njiani nilijikaza kuongea, lakini moyoni niliogopa. Kama fundi alikuwa amekipitisha bila kuniambia, basi kwaheri vitabu.

Fundi alifuta mikono, akavuta sanduku la spana, akatoa kitabu kilichofungwa ndani ya mfuko wa sukari. Kilikuwa safi kuliko yeye.

"Mama, nimebakiza kurasa chache," akasema. "Mke wa mchungaji mwambie avumilie."

Ofisa alifunua kurasa polepole. Ule wenye mchoro wa mzinga ulikuwa na doa la nta. Akachuchumaa palepale, akafungua kompyuta yake, akafuta neno "vimepotea" na kuandika "vinatumika." Nilijivuna, sifichi. Nilijivuna mpaka kitenge kikanibana.

Kisha akakohoa kidogo.

"Mama, baba yangu nyumbani ana mizinga. Naweza kukiazima?"

"Utaazima," nikamjibu, nikiilamba ncha ya penseli. "Ila wako wawili mbele yako."

Nikamwandika wa tatu. Akainama kuhakikisha sijamruka.