Marekebisho ya Mtu Asiyejulikana

Swaumu alikuwa na kazi mbili. Mchana alitengeneza kompyuta za wateja kwenye ghorofa moja ya Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Jioni alitunza Kingo, programu huria ya kuwatumia meseji watu wa bondeni Jangwani maji yakianza kupanda. Mtu yeyote aliweza kuusoma msimbo wake, maagizo yanayoiendesha, na kupendekeza marekebisho. Kuyakubali au kuyakataa ilikuwa juu ya wawili tu: Swaumu, na Kartik, ambaye familia yake ina duka la vitenge mtaa wa pili. Walikubaliana tangu mwanzo kwamba hakuna kinachoingia bila wote wawili kuridhia.

Kingo ilikuwa na ubovu. Mtandao ukikatika, meseji zilikwama, zikaja kutoka maji yameshaingia ndani. Wakati wakihangaika nao, mtu aliyejiita Pantaleo akaleta dawa. Swaumu akaijaribu, ikafanya kazi. Lakini alipoisoma vizuri akaona imegusa pia sehemu inayohifadhi namba za simu za watu, na sehemu hiyo haikuhusiana kabisa na ubovu wenyewe.

Akamwandikia: "Namba za watu unazitakia nini?"

"Ingizeni kabla ya mvua. Maswali baadaye," Pantaleo akajibu.

Siku iliyofuata wakaibuka watu wengine wawili, nao hawajulikani, wakilalamika kwamba Swaumu anachelewesha kazi.

"Wanatusukuma," alimwambia Kartik dukani kwao.

"Wanaogopa mvua kama mimi. Watu wanalala bondeni, Swaumu, wewe unatafuta mwizi."

"Mbona unamtetea hivyo? Unamjua?"

Kartik alifunga laptopu yake haraka, na tangu hapo Swaumu hakutulia. Alisoma upya majibu ya Pantaleo akitafuta maneno ya Kartik ndani yake. Kila alipofika dukani na kumkuta anaandika, alihisi anamwandikia yeye kwa jina la Pantaleo. Marekebisho yakabaki yamesimama.

Mvua ilinyesha kuanzia alfajiri, ikakatika kabla ya adhuhuri. Mchana Swaumu alishuka Jangwani akiwa amekunja suruali hadi magotini, akamkuta shangazi yake, Bi Tatu, anaanika magodoro juu ya ukuta. Cherehani yake ilikuwa imejaa tope.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Meseji yako imefika, mwanangu. Nimeisoma nikiwa nimesimama juu ya meza."

Hakuna aliyekufa. Swaumu alijiambia hivyo njia nzima ya kurudi, na haikumsaidia.

Jioni ile alikaa na kufanya kazi aliyoikwepa. Aliyagawa marekebisho ya Pantaleo. Kilichohusu meseji kukwama alikiandika upya kwa mkono wake mwenyewe, mstari kwa mstari. Kilichogusa namba za simu alikitupa. Kisha akamwita Kartik aje aone.

Kartik alisoma mpaka mwisho. "Hili ungeweza kulifanya kabla ya mvua."

"Na wewe pia. Ulikuwa unaficha nini kwenye laptopu?"

Akaifungua mbele yake. Zilikuwa meseji zake kwa Pantaleo, nyingi, akimbembeleza aseme yeye ni nani na anafanya kazi wapi. Hakujibiwa hata moja.

"Kumbe na wewe ulimshuku," Swaumu akasema.

"Nilimshuku. Lakini nilihofia mvua zaidi. Ningekwambia, ungekataa moja kwa moja."

Waliyaingiza marekebisho wakiwa wamekaa bega kwa bega. Kesho yake akaunti ya Pantaleo ilikuwa imefutwa, na za wale wawili waliolalamika pia. Alikuwa mwizi wa namba, au mtu mwenye haraka tu aliyechoka kuhojiwa? Hawajajua mpaka leo.

Mvua iliyofuata, meseji zilifika mapema na Bi Tatu akawahi kupandisha vitu vyake. Kartik na Swaumu bado wanaitunza Kingo pamoja. Ila Kartik akileta marekebisho yake, Swaumu huyasoma mara mbili, na Kartik, anayelijua hilo, hukaa pembeni akisubiri.