Uso Wangu Kabla ya Posa

Siku ile naikumbuka kwa muwasho, mjukuu wangu. Mvua, njia, nguo niliyovaa, yote yamefutika. Muwasho haujafutika.

Miaka ya hamsini nilikuwa kijana, nafanya kazi kwenye banda la kukaushia pareto upande wa Molo. Wewe pareto unaiona ua jeupe tu la kupendeza. Ngoja uigeuze kwenye trei kutwa nzima, jasho linatoka na vumbi lake linakurukia usoni! Wenzangu walikuwa wakijifunga kitambaa. Mimi nilikataa. Nilikuwa na sharubu changa, nani angeziona nikijifunika?

Uso ukaanza kuwasha, ukatoka vipele. Na hapo nilikuwa ninampenda Chelang'at, binti wa mzee mmoja wa Keringet, na baba yangu mdogo alikuwa ameshapanga siku ya kunipeleka kwao. Basi nikaingiwa na pupa. Dawa ya moto ni moto, nikajiambia. Asubuhi nanyoa kwa wembe. Nikimaliza, sabuni ya kunukia niliyoinunua dukani Nakuru. Juu ya sabuni, mafuta ya kondoo. Juu ya mafuta, utomvu wa shubiri. Jioni narudia vyote. Uso ukizidi kuwaka, naongeza. Siku ya safari nilipojitazama kwenye kioo cha jirani, nilitamani kukirudisha bila kusema asante.

Tulikwenda hivyo hivyo. Baba mdogo alisema, "Wataangalia tabia." Wapi! Mama wa nyumba alileta chai, vikombe vya udongo kwa watu wote, na mimi nikapewa kikopo cha bati, kimewekwa mbali pembeni. Nilielewa. Walidhani nina ugonjwa wa kuambukiza. Chelang'at alikuwa mlangoni, akainamisha kichwa. Mwanangu, nimewahi kulala njaa na nimewahi kupigwa, lakini kikopo kile kiliniuma zaidi.

Baba yake hakuzunguka. "Binti yangu hatamfuata mtu mgonjwa. Nawapa mwezi mmoja. Mkirudi na uso huo, maneno yameisha."

Sasa sikiliza. Kwenye kona, karibu na moto, alikuwa amekaa mama yake huyo mzee. Sisi kwa lugha yetu nyanya tunamwita Kogo, na mimi sikuwahi kumwita jina lingine. Alikuwa mfupi, masikio yamening'inia kwa mapambo ya zamani, macho makali kushinda ya wanawe wote. Aliinuka polepole, akaja, akanishika uso kwa mikono miwili. Akaugeuza kwenye mwanga, akaninusa shavu, kisha akacheka.

"Huyu hana ugonjwa. Huyu ana haraka! Umepaka nini?"

Nikataja. Wembe, sabuni, mafuta, shubiri.

"Vyote siku moja?"

"Ndiyo, Kogo. Mara mbili."

"Sasa kama kimoja ndicho adui yako, utamjuaje, na umemficha katikati ya marafiki?"

Akanipa amri, na alikuwa mtu wa kuamuru. Wembe niulaze kwanza, ndevu haziendi popote. Kazini nijifunge kitambaa. Siku mbili nioshe uso kwa maji matupu, nisiupake kitu. Siku ya tatu mafuta ya kondoo peke yake. Kisha maji tena siku mbili, ngozi ipumzike. Halafu shubiri peke yake. Halafu maji. Mwisho ndiyo ile sabuni, nayo peke yake. "Na kila ukiamka, uulize uso wako umelalaje. Utakujibu."

Alipomaliza, akachukua kile kikopo changu cha bati, chai iliyobaki akainywa yote mbele ya mwanawe, akanirudishia kikopo kitupu. Mimi nilitazama chini, maana machozi yalikuwa karibu, na kijana hataki kuonekana akilia.

Nilifuata. Si kwa hekima, kwa hofu ya kumkosa Chelang'at! Wenzangu kwenye banda walinicheka kwa kile kitambaa, ati nimekuwa bibi harusi. Waache wacheke. Maji matupu yaliutuliza uso. Mafuta ya kondoo yaliulainisha. Shubiri ilichoma kidogo ikatulia. Ikaja zamu ya sabuni. Loo! Kabla ya saa sita mchana nilikuwa najikuna kama mbwa mwenye viroboto.

Kumbe ni ile! Ile niliyojivunia, niliyosafiri mpaka Nakuru kuinunua kwa sababu Chelang'at aliwahi kusema karani fulani ananukia vizuri. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Niliitupa chooni, na nakuambia ukweli, iliniuma kuitupa.

Toka siku hiyo nikawa nazungusha: leo mafuta, kesho maji, kesho kutwa shubiri, kisha maji tena. Mwezi ulipoisha tukapanda tena Keringet. Baba mkwe alinitazama kwa muda mrefu, upande huu na upande huu, kama anayenunua fahali. Chai ikaletwa. Akachukua kikombe chake mwenyewe, akanywa kidogo, akanipa mimi. Kule kwenye kona Kogo akasema, "Kunywa basi, usikitazame." Nyanya yako hapo nje anacheka kwa sababu anasikia ninavyosimulia. Alikuwa mlangoni siku hiyo pia, na safari hii kichwa kilikuwa juu.

Basi mwanangu, nimeziona chupa zako za vipodozi kwenye dirisha, na nimeuona huo wekundu unaouficha kwa kitambaa cha kichwa. Sikukatazi kujipendezesha, nami nilikuwa na sharubu. Nakuambia tu: mtaka yote hukosa yote. Ziweke zote chini. Uache uso wako utulie, kisha rudisha moja moja, na kati ya moja na nyingine uupe ngozi siku ya kupumzika. Itakayokuwasha, itupe, hata kama ndiyo uliyoipenda zaidi. Ukiona haitulii, nenda kwa daktari, usione haya.

Mungu akulainishie uso wako na njia zako. Akupe subira ambayo mimi nilifundishwa kwa aibu. Na siku watu watakapokuwekea kikopo pembeni, Mungu akupe mtu kama Kogo, wa kukinywea mbele yao. Na ukimwona mwingine amewekewa, inuka wewe.