Fundi Makochi Aliyepelekwa Kujifungua Juu ya Kochi

Asubuhi imeanza kuchangamka, na Mama Sponji ana misumari mdomoni. Amepiga goti moja juu ya kochi. Mkono wa kushoto unavuta kitambaa kwa nguvu zote, wa kulia umeshika nyundo ndogo. Anachomoa msumari kati ya midomo, anaugonga, anachomoa mwingine. Ukimsalimia wakati huu, atakujibu kwa nyusi.

"Samahani," anasema baada ya kumaliza kona, akifuta midomo kwa kiganja. "Hapa ukilegeza kidogo tu, kitambaa kinakunja uso. Halafu mteja anakuja kuninunia mimi, halinunii kochi."

Karakana yake ni chumba kirefu chenye mlango wa bati unaofungukia barabarani. Fremu za mbao zimeegemezwa ukutani, marobota ya kitambaa yamelala juu ya meza, cherehani iko dirishani ipate mwanga. Harufu ya gundi imeshika kila kitu. Jina la Mama Sponji alipewa na watoto wa mtaani, kwa kuwa haipiti siku akatoka humu bila chenga za sponji kichwani.

Wiki ikiwa nzuri, anavalisha seti mbili za makochi. Mvua zikikaza, hata moja ni ya kubahatisha. Lakini ukimuuliza kazi inaendaje, jibu lake ni lile lile: "Namshukuru Mungu. Nisingekuwa hapa mimi."

Hasemi hivyo kwa mazoea tu. Ana sababu, na sababu yenyewe ni ndefu.

Alizaliwa na kukulia mbali sana na mtaa huu, kitindamimba katika nyumba iliyojaa wanawake: mama yake, dada zake, na shangazi aliyekuja kutembea akasahau kurudi. Mpaka anaolewa, hakuwahi kulala mahali ambapo hasikii sauti ya mama yake. Hata alipoolewa, alihamia nyumba ya tatu kutoka kwao.

Kisha mumewe, dereva wa greda katika kampuni ya kujenga barabara, akahamishiwa huku. Naye alikuwa na ujauzito wa kwanza.

Dada zake walimjia juu. Mwenye tumbo aende kuzalia kwa watu asiowajua? Mume aende kwanza, mke afuate mtoto akishakaza shingo. Yeye mwenyewe aliona wana haki. Aliyewakata kauli ni mama.

"Mama alikuwa anakunja nguo zangu, hata hakuinua uso," anakumbuka. "Akasema, 'Mungu siyo mpangaji wa nyumba hii, kwamba ukitoka hapa umemwacha ndani. Nenda kwa mumeo. Huko unakokwenda, yeye ameshafika.' Halafu akaingia chumbani akafunga mlango. Nikajua analia."

Maneno hayo aliyabeba. Kuyaamini lilikuwa jambo jingine.

Walipata chumba kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na karakana hii, na mwenye karakana ni mzee aliyejulikana mtaa mzima kama Mzee Nyundo. Alikuwa akigonga kutwa. Gundi yake ilipenya kila upenyo, na kwa tumbo la mimba changa ilikuwa mateso: asubuhi anatapika, mchana kichwa kinapasuka. Mumewe alikuwa akilala kambini, barabara ilipofika, na kurudi mwisho wa wiki.

Siku moja uvumilivu ulimwishia, akatoka kwenda kulalamika.

"Mzee, shikamoo. Naomba upunguze kugonga, mimi ni mgonjwa."

"Marahaba. Mimi fundi. Unataka misumari niibembeleze iingie?"

"Hata gundi basi, ufungue upande wa barabarani..."

"Binti, kama unatafuta kimya, kahamie makaburini!"

Alirudi ndani akalia mpaka akasinzia. Kuanzia siku hiyo hawakusalimiana. Mke wa mzee, mama mnene mwenye sauti iliyozidi nyundo ya mumewe, akimwona mlangoni alimtupia "hujambo" ya mbali, naye aliijibu ya mbali vilevile.

"Nilikuwa nasali, lakini kwa kununa," anasema, akicheka. "Namwambia Mungu, mama alisema umeshafika. Uko wapi? Mbona mimi nakuta Mzee Nyundo tu?"

Uchungu ulimjia mchana, mapema kuliko alivyoambiwa kliniki. Mvua ilikuwa inamwagika tangu asubuhi na barabara imekuwa mto. Simu ya mumewe haikupatikana. Wapangaji wenzake wote walikuwa makazini. Alijaribu kusimama, miguu ikamkatalia, akajikuta sakafuni na maji yamemwagika.

Kilichokuwa karibu ni mchi wa kinu. Akaushika, akagonga ukuta.

Upande wa pili, Mzee Nyundo akasikia. Akadhani ni yule binti mlalamishi, sasa ameamua kugomba kwa ukuta. Akajibu kwa kugonga kwa nguvu zaidi.

"Mimi nagonga, yeye anagonga!" Mama Sponji anapiga paja. "Nagonga nikiomba msaada, mwenzangu anashindana. Mwisho nikapiga ukelele mmoja, sijui ulitokea wapi. Nikamwita Mungu, nikamwita mama, nadhani hata Mzee Nyundo nilimwita. Nyundo ikanyamaza."

Mzee mwenyewe yupo hapa karakanani leo, ameketi kwenye stuli karibu na mlango. Macho yamepungua nguvu, hapigi tena msumari, lakini hakuna kochi linalotoka bila yeye kulipapasa. Anaposikia hadithi imefika hapo, anaguna.

"Niliogopa," anasema. "Nimeshika nyundo hewani, najiuliza nimemgombeza mtu anayekufa?"

Alikimbia na mkewe. Mke alitupa jicho moja tu, akasema, "Huyu anazaa, na anazaa vibaya. Tafuta gari." Gari gani lingepita kwenye maji yale? Nje ya karakana kulikuwa na mkokoteni, na juu yake kochi jipya la watu watatu, limefungwa nailoni tayari kwenda kwa mwenyewe mvua ikikatika.

Hakulishusha. Alimbeba binti, akamlaza juu ya kochi, akamfunika na nailoni. Mkewe akaparamia pembeni na mwavuli. Wanaume wawili waliokuwa wamejikinga mvua kwenye baraza ya duka waliona ajabu hiyo, wakaingia majini kusukuma bila kuombwa.

"Mke wake alikuwa amenishika kichwa, ananifokea," anakumbuka Mama Sponji. "'Usifumbe macho! Nitazame! Unamjua Mungu wewe?' Nikasema namjua. 'Haya, mwambie asukume na yeye!'"

Hospitali hawakumkalisha. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, akapelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji. Alipozinduka, mama yule mnene alikuwa ameketi kando ya kitanda, kanga zimelowa chapachapa, amepakata mtoto wa kike.

Kochi la mteja liliharibika lote. Mumewe aliporudi na kusikia, alikwenda kuomba radhi na kuahidi kulilipia. Mzee Nyundo alimkatisha.

"Kitambaa kinang'olewa, kinawekwa kingine," alimwambia. "Mkeo ningemweka wapi mwingine?"

Wiki zote za uzazi, mke wa mzee ndiye aliyemwogesha mzazi na mtoto, akimfokea ale, akimfokea alale. Siku moja mama yake alipiga simu kutoka nyumbani, akaisikia sauti ile kwa nyuma. Akauliza ni nani. Kisha akasema, "Hebu mpe simu huyo mama mwenzangu."

Wanawake hao wawili, ambao hawajawahi kuonana, waliongea hadi salio likakatika. Aliyeshika simu alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mama yako ananiita dada," alisema.

Mtoto alipopata nguvu, mama yake alianza kushinda karakanani, mwanzo kwa mazungumzo tu. Kichanga kililala juu ya vipande vya sponji, nyundo zinalia, wala hakishtuki. Siku moja mzee alimpa koleo ang'oe misumari ya kochi kuukuu. Wiki iliyofuata akampa mkasi. Mengine alijifunza kwa kugombezwa, na kovu kwenye kidole gumba ni cheti chake. Macho ya mzee yalipopungua nguvu, alimwachia karakana.

Si kila kitu kilimwendea sawa. Dada yake mkubwa alifariki ghafla, naye alifika nyumbani watu wameshatoka makaburini.

"Hilo linaniuma mpaka leo," anasema. "Sina maelezo yake. Nilimuuliza Mungu, sikupata jibu. Lakini kwenye basi la kurudi, sikuwa peke yangu. Hilo tu ndilo naweza kukuambia."

Mtoto wa kwenye kochi sasa ni msichana mrefu kuliko mama yake. Amepata nafasi ya kusomea ukunga, katika chuo cha mbali ambako ukoo wao hauna hata mtu mmoja. Anaondoka Jumatatu. Yupo mezani anakata kitambaa, anasaidia kumaliza oda kabla ya safari.

"Mama, ukilia stendi mimi sipandi basi," anasema bila kuinua kichwa.

"Silii. Nitasubiri uondoke, ndiyo nianze."

Je, haogopi? Mama Sponji anaweka nyundo chini.

"Naogopa sana. Imani haijaniondolea woga, inanizuia tu nisimfungie mtoto mlango." Ameshazungumza na mumewe: mwisho wa mwaka, kazi zikiwapa nafasi, watapanda basi waende huko chuoni.

Kumkagua binti?

"Hapana. Huko kuna mtu atampokea mwanangu, atamshika mkono siku mambo yatakapomzidi. Simjui ni nani, na yeye mwenyewe bado hajijui. Ila yupo." Anaokota misumari mezani, mmoja mmoja. "Nataka niende nikamshukuru."